Taa Iliyoitwa Jua na Bomba la Mzee Kitundu

Vijana wa kikosi, siku ya kuniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na keki yenye umbo la samaki, ingawa miaka yote niliyofanya kazi ya kuzama sijakutana na samaki mkubwa kuliko kambale. Nawashukuru. Tukiwa tunakula, mmoja wenu aliniinamia akaniuliza, "Mzee Msengi, kabla hujaondoka, tununue taa gani ya chini ya maji? Tumeambiwa tupendekeze." Nilimwambia swali hilo halijibiwi mtu akiwa na keki mdomoni. Nimekaa nyumbani wiki tatu sasa, mke wangu ameshachoka kuniona, na jibu lenyewe ni hili.

Watu wa nje ya mkoa hawaamini kwamba Singida kuna wapiga mbizi. Nikiwa safarini, abiria mwenzangu akiniuliza kazi yangu, nilikuwa nasema mimi ni fundi bomba ili tufike salama. Nyinyi mnaijua kazi, lakini nitaieleza kwa ajili ya wake zenu watakaosoma. Mabwawa yetu ni ya udongo. Chini kabisa ya kila bwawa kuna lango la chuma, na kutoka hapo bomba linapita chini ya tuta kupeleka maji kwenye birika la mifugo upande wa pili. Lango likikwama, mtu anazama kulikwamua. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nusu ya mwaka nilizama, na nusu ya pili, bwawa likishakauka, nilitembea kwa ndala pale pale nilipozama. Mpiga mbizi wa baharini haijui adhabu hiyo. Akiharibu kitu, bahari inamfichia. Cha kwetu kinabaki juani, mbuzi wanakizunguka, na kila anayepita anauliza ni kazi ya nani.

Mafunzo yangu ya kwanza yalifanyika Ziwa Singidani. Mwalimu alitoka pwani, kijana mpole, amekuja na kitabu cha picha za matumbawe na samaki wa rangi zote. Tulikuwa wanne. Asubuhi nzima alitufundisha ishara za mikono: ishara ya papa, ishara ya mkondo mkali, ishara ya kumwonyesha mwenzako pweza. Tulizishika zote. Saa sita mchana tukaingia ziwani, na hatukuzama. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepungua, chumvi imekolea, na tulielea na mitungi yetu ya hewa mgongoni huku ndege aina ya heroe wakisogea kidogo kutupisha. Mwalimu akaongeza vyuma kwenye mikanda mpaka vikamwishia. Mwisho mmoja wetu alikwenda kwenye nyumba za jirani kuazima mawe ya kusagia. Kwa hiyo mara yangu ya kwanza kuzama nilikuwa nimefungwa jiwe la kusagia mtama, na mama mwenye jiwe alisimama ukingoni muda wote akiuliza litarudi saa ngapi.

Bwawa langu la kwanza lilikuwa upande wa Manyoni. Nilikaa chini kama dakika ishirini nikipapasa, taa mkononi. Nilipopanda, mwalimu akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia ukweli, nimeona giza. Akaikagua taa, nzima. Akaikagua miwani, nzima. Ndipo nikakumbuka kwamba nilifumba macho wakati naingia na sikuyafumbua tena. Nikarudi chini nikayafumbua, na hakukuwa na tofauti yoyote. Mwalimu aliandika kwamba nimefaulu, akapanda basi kurudi kwao. Kile kitabu cha matumbawe alituachia.

Mambo ya taa, basi, sikufundishwa na mpiga mbizi. Nilifundishwa na Mama Zuhura, mtunza stoo wetu. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtoto wa mjini Singida, wa ile familia ya wauza nguo ambao babu yao alikuja na mzigo kutoka pwani asirudi. Hakujua kuogelea. Maji marefu aliyowahi kuingia yalimfika kwenye kifundo cha mguu, na hata hayo alilalamika. Lakini hakuna taa iliyoingia kikosini bila kupita kwenye ndoo yake ya uji.

Ilianza na chupa ya maji ya bwawa niliyomletea ili aelewe kwa nini kila siku namlalamikia taa zake. Akaitikisa, akaiweka dirishani kando ya kikombe chake cha uji wa mtama, akavitazama kwa zamu.

"Elisha," akaniambia, "hivi viwili si kitu kimoja?"

Nikamwambia ni kama kimoja.

"Basi kwa nini mnazijaribu taa kwenye maji ya bomba?"

Kuanzia siku hiyo alipika uji wa aina tatu pale pale stoo. Uji wa mgonjwa ulikuwa bwawa lililotulia. Uji wa mzazi ulikuwa bwawa baada ya mvua. Uji wa mlimaji, ule wa kusimamisha kijiko, ulikuwa pale kwenye lango lenyewe ukishavuruga tope kwa miguu. Chini ya ndoo aliweka sahani ya bati yenye ua jekundu. Unashika taa, unaizamisha kwenye uji, unachungulia, na yeye anakuuliza ua lina majani mangapi. Ukikosea, taa imekosa kazi. Alibadilisha sahani kila mara ili tusikariri.

Mfanyabiashara mmoja alikuja kutoka Dar es Salaam na taa iliyolala ndani ya sanduku lenye sponji.

"Mama, hii inafika mita mia moja chini."

"Itamkuta nani huko? Bwawa letu refu kuliko yote lina mita sita. Iweke kwenye uji."

"Mama, hiki ni chakula."

"Na bwawa ni maji ya kunywa ya watu, baba. Taa unayoogopa kuitia kwenye uji wangu, mimi nitawatiaje watu kwenye maji yao?"

Taa ilioshwa, ikaingia, ikatoka, na yule bwana alichotewa kikombe kutoka kwenye ndoo ile ile na kuongezewa sukari. Alikunywa wote. Taa yake ilikuwa nzuri, tuliichukua, na mliyonayo kabatini yenye mkanda wa bluu ndiyo hiyo.

Ndoo ile ndiyo iliyonifundisha ninayowaambia sasa. Kwenye maji ya tope, mwanga mpana ni adui. Unagonga vumbi la majini na kurudi usoni kwako. Tafuteni mwanga mwembamba, wenye rangi ya njano njano, na msiushike mbele ya pua. Nyoosha mkono pembeni, umulike kwa ubavu. Swichi iwe ya kuzungusha, tena ngumu kiasi, maana ile ya kubonyeza hujiwasha ndani ya begi kuanzia Itigi mpaka mnafika. Taa ziwe mbili kila unapozama. Na ile ringi ya mpira inayozuia maji kuingia ipakwe grisi yake ya silikoni, si kitu kingine. Mimi mara moja grisi iliniishia, nikapaka samli ya ng'ombe. Asubuhi nilimkuta paka wa stoo ameikumbatia taa, na ringi sikuiona tena.

Kitu kimoja cha Mama Zuhura nilikidharau kwa miaka mingi, nacho ni uzi wake. Taa zote huja na mkanda wa kuvaa kwenye kifundo cha mkono, mkanda mgumu ambao hata maksai haukati. Yeye alikuwa anaukata katikati kwa mkasi, kisha anaushona upya kwa uzi mwekundu wa cherehani, ule mwepesi kabisa. Nilimwambia anaharibu mali.

"Taa ikikamatwa na kitu huko chini," akasema, "nataka kibaki kitu kimoja tu huko, tena kile ninachoweza kununua kingine."

Niliwasimulia wenzangu maneno hayo tukacheka. Tulikuwa tunacheka sana enzi hizo.

Sasa nifike kwenye Jua. Injinia wetu wa wakati huo alikwenda kwenye semina ya mambo ya bahari, akarudi na taa iliyofunika meza nusu. Uso wake ulikuwa na upana wa sahani ya wali, nyuma ina mkono wa kushikia kama wa ndoo, na kwenye boksi imeandikwa kwamba ina mwanga wa kumulika uwanja wa mpira. Tuliiita Jua siku ile ile. Mama Zuhura aliitia kwenye uji wa mgonjwa, akaiwasha, na ndoo yote ikawa nyeupe mpaka ukaona kivuli cha mwiko. Nikachungulia.

"Majani mangapi?"

"Mama, angalia huo mwanga!"

"Nauliza majani."

Sikuona hata sahani. Akaizima, akaifuta kwa kanga, akasema, "Hii inaonyesha uji tu." Lakini mimi nilikuwa nimeshaipenda. Sitawadanganya, niliipenda kwa sababu ya ukubwa wake. Nilijiona nimesimama juu ya tuta, watu wananitazama, Jua mkononi. Nikasaini kwamba nimeijaribu na inafaa. Mama Zuhura hakubishana na saini, alichukua tu mkasi na uzi wake mwekundu akaenda kuushona mkanda.

Haikupita muda tukaitwa kwenye kijiji kimoja upande wa Ikungi. Jina la kijiji nalihifadhi, wenyewe watajijua. Birika lao lilikuwa limebebwa na mafuriko, lango limekwama likiwa nusu wazi, na maji yalikuwa yanamwagika korongoni usiku na mchana. Wavu wa chuma uliokuwa unalinda mdomo wa bomba ulikwishaibwa kwenda kwenye chuma chakavu. Ule mwaka mvua zilikuwa zimeisha mapema. Maji yale yangekwisha, ng'ombe wangetembezwa siku nzima kutafuta mengine, na akina mama vilevile. Mwenyekiti wa kijiji alinionyesha alama ya maji kwenye jiwe, ilivyoshuka tangu juzi. Hakuwa na haja ya kusema zaidi.

Nikaingia na Jua. Nilipofika chini nikaiwasha, na dunia yote ikawa nyeupe. Sikuona mkono wangu, sikuona lango, sikujua juu ni wapi. Nilipapasa mpaka nikaupata usukani wa lango, nikaanza kuuzungusha kwa njia ya kufunga. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, nikafurahi. Leo najua nilikuwa kichwa chini, upande wa pili wa usukani, na nilikuwa nafungua. Lango likapanda, mdomo wa bomba ukaachama, na maji yakaikamata Jua. Iliondoka na mkono wangu. Nilihisi bega linavutwa kuelekea kwenye lile tundu, nikahisi chuma cha ukingo kwenye vidole, halafu mkanda ukakatika pale pale kwenye uzi mwekundu. Mkono ukabaki wangu. Nilikaa kwenye tope, na kwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu nilimshukuru Mungu kwa ajili ya cherehani.

Kisha nikasikia kimya. Mvumo wa maji haukuwepo tena. Nilipoibuka, watu wote juu ya tuta walikuwa wanashangilia, "Yamekata! Yamekata!" Mwenyekiti akanikumbatia nikiwa nimelowa. Nilikuwa sijapata hata nafasi ya kusema nimepoteza taa.

Hapo ndipo akaja Mzee Kitundu. Huyu alikuwa msimamizi wa birika, mtu mzima kuliko mimi, na wakati wote alikuwa upande wa pili wa tuta, chini kwenye korongo, akilitazama bomba. Alipanda akihema.

"Bomba limekata maji," akasema, "halafu likawaka."

Watu wakamtazama.

"Likawaka vipi, mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Mwanga mweupe. Uko ndani kule mbali. Kama kuna mtu humo anatafuta kitu alichodondosha."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Mzee Kitundu aliwahi kuwa mnywaji mkubwa wa pombe ya mtama na kila mtu alilijua hilo. Alikuwa ameacha miaka saba. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba mzee ameianza tena, mwingine akasema siku hizi inatoa mwanga. Alisisitiza twende tukaone. Hakuna aliyeshuka naye, maana ngoma ilikuwa imeshaanza na kuku walikuwa jikoni.

Mimi nilijua. Vijana, nataka mlisome hili polepole. Pale pale, nikiwa bado nimevaa mapezi, nilijua Jua iko wapi na nilijua nani amefunga bomba. Ilitosha kusema sentensi moja. Badala yake nililetewa paja la kuku na kuitwa fundi. Jioni nikajaza fomu ya kazi. Panapouliza, "Je, umeona kwa macho yako lango likiwa limefungwa?" nikaandika ndiyo. Mama Zuhura alipouliza taa, nikamwambia imezama kwenye tope. Alinitazama kifundo cha mkono, akaona alama ya mkanda, akasema, "Uzi ulikatika?" Nikasema ulikatika. Akasema alhamdulilahi na hakuniuliza lingine.

Miezi ilikwenda. Nilipita kijiji kile mara mbili nikiwa na kazi jirani, na mara zote mbili niliambiwa habari za Mzee Kitundu kama kichekesho. Walimwita Mzee Umeme. Mkutano wa kijiji ulimwondoa kwenye usimamizi wa birika, kwa sababu, walisema, birika jipya likija haliwezi kukabidhiwa kwa mtu anayeona mataa. Mkewe alikuwa amerudi kumnusa mdomo kila akiingia ndani, kama zamani. Mara ya pili nilikutana naye njiani na baiskeli yake. Nikamsalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Wewe ulikuwa ndani ya yale maji. Hukuona mwanga wowote?"

Nikamwambia kule chini hakuonekani kitu. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinichoma zaidi. Alitikisa kichwa, akapanda baiskeli yake akaenda. Usiku huo sikula.

Kiangazi kikafika. Bwawa likashuka mpaka likabaki dimbwi la kufika kiunoni kuzunguka lango, maji ya mwisho ya ng'ombe wa kijiji kizima mpaka mvua. Injinia akaleta birika jipya la saruji, Mama Zuhura akaja naye kwa ajili ya vifaa, akakaa kwenye gari na mwavuli wake. Kijiji kizima kikaja. Usukani wa lango sasa ulikuwa nje ya maji, unang'aa juani. Mwenyekiti akatoa hotuba fupi kuhusu mikono yangu, kisha akasema, "Fundi Msengi, ulilifunga mwenyewe, tufungulie."

Nikaingia dimbwini na suruali. Nikazungusha kwenda kufungua. Usukani haukwenda hata unywele mmoja, kwa sababu lango lilikuwa wazi mpaka mwisho.

"Aliukaza huyu!" mtu akasema.

Wakaingia vijana wawili kunisaidia, wakashindwa. Akaingia fundi baiskeli na bomba la chuma la kuongezea nguvu, akashindwa. Kila aliyeshindwa aliniangalia kwa heshima zaidi. Injinia alikuwa anapiga picha kwa simu. Mimi nilikuwa nimeingiza mkono chini ya maji, nimeushika ule mkono wa Jua, na kwenye vidole vyangu kulikuwa na kipande cha mkanda chenye nyuzi nyuzi nyekundu. Uso wa taa ulikuwa umeingia kwenye mdomo wa bomba barabara, hata tone halipiti.

Niliwaza kuing'oa kimya kimya na kuikalia. Lakini nikiing'oa, dimbwi lote linaondoka, na lango lenyewe nilikuwa silijui kama lingeshuka. Ng'ombe walikuwa wamesimama pale wananitazama. Nikajaribu basi kuzungusha usukani kinyume, kufunga kweli sasa, niwe na usalama. Lango likashuka, likaigonga Jua, nikaongeza nguvu, na mhimili wa usukani ukakatika mkononi mwangu kwa mlio mmoja. Nikabaki nimeshika gurudumu. Sasa kilichokuwa kinayashikilia maji ya kijiji kile kilikuwa taa peke yake, na mtu pekee aliyejua hilo alikuwa mimi.

Nikamtafuta Mzee Kitundu kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa ya watu, ameegemea baiskeli.

"Lango sikulifunga," nikasema. "Nililifungua kwa makosa. Iliyoziba bomba ni taa yangu. Iliingia ikiwa inawaka. Mzee Kitundu aliona kweli."

Injinia akashusha simu yake. Mama Zuhura akafunga mwavuli. Kisha Mzee Kitundu akasema kutoka kule nyuma:

"Rudia. Wa huku hawajasikia."

Nikarudia.

"Sema na ile ya mwanga."

Nikasema na ile ya mwanga. Mwenyekiti akaingia dimbwini na viatu vyake vya mkutano, akazamisha mkono, akaigusa. Akamwita makamu wake. Ikawa foleni. Karibu kijiji kizima kilipita kuishika Jua kwenye mgongo, mmoja mmoja, wazee kwanza, na kila aliyetoka alikwenda kumpa mkono Mzee Kitundu. Yeye aliwapokea wote akiwa bado ameegemea baiskeli. Walipokwisha akanijia.

"Sasa twende nyumbani," akasema.

"Nyumbani kwako, mzee?"

"Mke wangu hakuja. Siku hizi hapendi kutembea na mimi."

Tukaenda kwa miguu, mimi nimelowa mpaka kifuani, nimesahau kuliachia lile gurudumu la usukani. Mkewe alikuwa anapepeta mtama uani. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Aliuliza maswali mawili tu: ilikuwa inawaka rangi gani, na ilikaa muda gani kabla ya kuzimika. Nikasema nyeupe, na betri yake ni ya saa nne hivi. Akamgeukia mumewe.

"Uliniambia nyeupe," akasema. "Uliniambia mpaka jua linazama."

"Nilikwambia."

Akaweka ungo chini. Alikaa kidogo ameshika magoti, kisha akainuka akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka mbele ya Mzee Kitundu, akarudi kusimama. Mzee akakaa. Mimi sikupewa kigoda wala sikustahili, na nililia pale mbele yao bila kujificha.

Tuliporudi bwawani, Injinia na Mama Zuhura walikuwa wanabishana. Injinia alisema haiwezekani bwawa kufungwa kwa taa. Mama Zuhura alisema limefungwa miezi sita, anataka ushahidi gani tena. Akaniuliza kama ule mkono wa taa uko imara. Nikasema uko imara. Akaomba mnyororo wa jembe la maksai. Tukaufunga kwenye mkono wa Jua, tukaupitisha juu ya tuta mpaka upande wa birika. Ukivuta, taa inatoka na maji yanakwenda kwenye birika. Ukiachia, maji yenyewe yanairudisha mahali pake na kufunga. Injinia aliandika kwamba hiyo ni njia ya muda. Yeye mwenyewe alishastaafu kabla yangu.

Mkutano ulifanyika pale pale na usimamizi wa birika ukarudi kwa Mzee Kitundu. Yeye ndiye mwenye mnyororo mpaka leo, asubuhi na jioni. Bwawa likijaa sana maji yanaikaba taa, basi hutumia jozi ya maksai. Mimi nilipewa barua ya onyo, nami niliona imenifaa. Mama Zuhura aliniambia garini tukirudi mjini, bila kunitazama, "Nilisema inaonyesha uji tu. Sikusema haina kazi."

Kwa hiyo nunueni taa ndogo yenye mwanga mwembamba wa njano. Ipitisheni kwenye uji, na msikubali muuzaji na boksi lake awaharakishe. Mkanda wake ukateni, mshone kwa uzi mwepesi. Mama Zuhura ametangulia mbele ya haki, lakini cherehani yake bado iko stoo. Na kama ukiibuka watu wakakushangilia kwa kazi usiyoifanya, sema papo hapo, ukiwa bado umelowa, maana ukikauka inakuwa ngumu.

Siku ya kukabidhi vifaa, mtunza stoo wenu wa sasa aliniletea orodha ya kila nilichowahi kuchukua. Miwani, nimerudisha. Mapezi, nimerudisha. Mitungi, nimerudisha. Akafika kwenye taa moja kubwa, akaniuliza iko wapi, maana hawezi kunifungulia mlango mpaka niiandikie maelezo. Nikampigia simu Mzee Kitundu, nikamwamkia, nikamuuliza hali ya Jua. Akaniambia nisubiri. Nikasikia mnyororo unavutwa, maji yanafoka kwenye birika, ng'ombe wanasukumana, kisha mnyororo ukaachiwa na kukawa kimya. Nikachukua kalamu, na mbele ya jina langu ambalo kuanzia siku hiyo ni mstaafu, nikaandika: taa moja, ipo kazini.